SOMO LA VIJANA: MCHEZAJI AMBAYE JINA LAKE HALIKUITWA



Somo la mwezi huu limetokana na swali lenu. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani hututumia picha za watoto wao wamevaa kofia ngumu na mabega yaliyovimba kama askari wa vita, nanyi mmeniuliza zaidi ya mara moja: huo ni mpira gani unaochezwa kwa mikono, na mtu anaingiaje mpaka alipwe? Nitajibu kwa habari ya mtu mmoja, James Harrison wa timu ya Pittsburgh Steelers. Nimemchagua yeye kwa sababu hakuingia kwa mlango mkubwa.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Kila upande una watu 11. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, yaani kama mita 91. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, isipofaulu mpira unakwenda kwa adui. Anayeongoza mashambulizi anaitwa kwotabeka. Yeye ndiye anayeupokea mpira, anaangalia mbele, kisha anaurusha kwa mwenzake au anamkabidhi mkimbiaji. Upande wa ulinzi kuna watu wanene wa mstari wa mbele, na nyuma yao au pembeni mwao wapo malainibeka. Lainibeka ana kazi tatu kwa wakati mmoja: kumzuia mkimbiaji, kuwafuata wapokeaji wa mpira, na mara nyingine kupenya mbio ili amwangushe kwotabeka kabla hajarusha. Tena anatakiwa ajue ni ipi kati ya hizo tatu katika sekunde ile ile mchezo unapoanza.

Sasa, mtu anaingiaje katika ligi kuu ya Marekani? Kila mwaka, mwezi wa nne, vilabu vyote 32 hukutana kuwateua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Huitwa jina moja baada ya jingine, kwa mizunguko 7, mpaka yafike majina 250 na kitu. Aliyeitwa mapema hupewa fedha nyingi, na kwa sababu klabu imetoa fedha nyingi, inamvumilia. Akikosea leo wanamfundisha kesho. Asiyeitwa anaweza kualikwa kambini kujaribiwa, lakini huyo hana ahadi yoyote. Kambi huanza na watu wengi, na msimu ukifika klabu inabaki na wachezaji 53 tu. Ninyi mnajua jinsi mtu anavyosimama mbele ya ubao wa matangazo na kusoma orodha toka juu hadi chini mara mbili. Basi mwaka 2002 Harrison alifika mwisho wa orodha na jina lake halikuwamo.

Kwa nini hakuitwa?

Tuseme ukweli wote, maana habari za watu wa namna hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba dunia nzima iliwaonea bure. Harrison alizaliwa mwaka 1978 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mtoto wa mwisho kati ya 14. Shuleni alicheza vizuri sana, vyuo vikubwa vilimtazama. Lakini nidhamu yake ilikuwa mbaya, akasimamishwa michezo kadhaa, na vyuo vile vikaondoka. Akaishia Kent State, chuo cha karibu na kwao, bila msaada wa karo kutoka kwa timu. Alijitokeza mwenyewe mazoezini, ikabidi atengeneze kwanza masomo yake. Mwaka wake wa mwisho, 2001, aliwaangusha makwotabeka mara 15. Hiyo ni hesabu kubwa.

Bado hawakumtaka, na hapa sababu ilikuwa kipimo. Urefu wake ni futi 6, kama sentimita 183, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 110. Sisi tukimwona tungesema ni jitu. Lakini kwa watu wa kazi ile alikuwa mfupi mno kuwa lainibeka wa pembeni, na mwepesi mno kusimama mstari wa mbele. Hakuwa na mahali. Baadaye ufupi huo huo ukawa silaha yake. Anayemlinda kwotabeka huwa mtu wa kilo 140 au zaidi, mrefu, mwenye mikono mirefu. Harrison alikuwa akiingia chini ya mikono hiyo, bega lake likigusa kifua cha yule mkubwa kutokea chini, naye anasukuma kwenda juu. Aliyewahi kusukuma gari lililokwama kwenye matope anajua: anayeinama ndiye anayelitoa, aliyesimama wima anateleza tu.

Miaka miwili ya kuachishwa

Steelers walimchukua mwaka 2002, wakamweka katika kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaojifunza na timu lakini siku ya mchezo hawavai jezi. Kati ya 2002 na 2004 walimwachisha mara tatu. Majirani zao wa Baltimore, timu ya Ravens, walimchukua, wakampeleka Ujerumani kuchezea timu ya Rhein Fire katika ligi ndogo ya Ulaya, ambayo siku hizi haipo tena. Ilifungwa mwaka 2007. Aliporudi, Ravens nao wakamwachisha. Hesabuni wenyewe: mara nne, kwa timu mbili, na umri wa miaka 26 ulikuwa umefika. Alikuwa tayari anafikiria kazi nyingine.

Je, alikosa nguvu? Hapana, nguvu alikuwa nazo toka mwanzo. Alichokosa ni kujua kazi. Ulinzi wa Steelers ulikuwa na ishara nyingi na mabadiliko mengi, na lainibeka aliyeingia kabla hajazishika aliacha pengo nyuma yake. Walioshinda naye miaka ile wameeleza kwamba mazoezini, akipotea katikati ya mchezo, alikuwa anasimama tu, anainua mikono na kutaka atolewe. Mimi nasoma jambo hili kwa makini kuliko yale magoli yake yote. Mtu mwenye kiburi cha mwili hupata aibu kubwa anapokuwa mwanafunzi. Ni rahisi kubeba chuma cha kilo mia kuliko kukaa na daftari mbele ya watu waliokutangulia na kusema, hapa sijaelewa.

Mwaka 2004 lainibeka mmoja wa Steelers, Clark Haggans, aliumia mkono akinyanyua vyuma kabla ya kambi. Walihitaji mtu wa haraka anayeufahamu utaratibu wao. Wakampigia simu Harrison. Angalieni vizuri sababu ya kumwita: hakuwa ameng'aa popote, ila zile ishara zilizomtesa miaka miwili sasa alizijua, na mgeni yeyote angehitaji kuanza upya.

Kazi isiyotakiwa

Safari hii alibaki. Alibaki kwa kazi ambayo mastaa wengi hawaipendi, kile kinachoitwa timu maalumu. Hawa ndio wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu, ama kuanzisha mchezo ama kuukabidhi kwa adui. Wanakimbia yadi 40, 50, kwa kasi yote, na kugongana na watu wanaokuja kwa kasi hiyo hiyo. Jina lako halitangazwi sana. Lakini kocha anapopanga ile orodha ya watu 53, hutazama nani anafaa huko, kwa sababu mtu wa akiba asiyeweza timu maalumu anakula nafasi bure. Wachezaji wasioteuliwa wengi wamepitia hapo. London Fletcher alikuwa lainibeka mwingine ambaye hakuitwa, mwaka 1998, naye mfupi kuliko Harrison, kutoka chuo kidogo cha Ohio hiyo hiyo. Katika msimu wake wa kwanza huko St. Louis sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya namna hii. Alimaliza miaka 16 akiwa amecheza michezo 256 mfululizo bila kukosa hata mmoja.

Tarehe 14 Novemba 2004, Steelers walikuwa Cleveland. Kabla mchezo haujaanza, lainibeka wao mashuhuri Joey Porter alipigana na mchezaji wa upande wa pili, wote wawili wakatolewa. Harrison akaambiwa aanze yeye. Alicheza vizuri, timu ikashinda. Katika sinema mambo yangebadilika kuanzia siku ile. Lakini wiki chache baadaye alikuwa tena kwenye timu maalumu, na akakaa hivyo msimu wa 2005 na wa 2006. Hata sifa aliyoipata mwaka 2005 ilikuwa ya ajabu: tarehe 24 Desemba shabiki mmoja aliruka uwanjani, Harrison akamnyanyua na kumbwaga chini mpaka walinzi wakaja. Nafasi ya kuanza kila wiki aliipata mwaka 2007, Porter alipoondoka. Tangu siku ile aliposikia jina lake halikuitwa, ilikuwa imepita miaka mitano.

Tarehe 5 Novemba 2007 wakaja Ravens, wale waliomwachisha. Usiku ule Harrison alihesabiwa kumwangusha kwotabeka mara tatu na nusu (nusu ni pale wawili wanapomwangusha pamoja), aliulazimisha mpira udondoke mara tatu, akaokota mmoja, na akadaka mmoja uliorushwa. Steelers walishinda 38 kwa 7. Msimu uliofuata, 2008, alifikisha mara 16, rekodi ya klabu wakati huo, akachaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Tuzo hiyo imetolewa tangu mwaka 1971, na hadi leo hakuna mchezaji mwingine asiyeteuliwa aliyewahi kuipata.

Yadi mia moja

Fainali ya msimu huo, Super Bowl, ilichezwa Tampa tarehe 1 Februari 2009 dhidi ya Arizona Cardinals. Kwotabeka wa Arizona alikuwa Kurt Warner, na huyu naye jina lake halikuitwa mwaka 1994. Green Bay walimjaribu wakamwachisha, akapanga bidhaa usiku katika duka la vyakula huko Iowa, akapitia Amsterdam katika ligi ile ile ya Ulaya, kabla ya kuwa bingwa na St. Louis, pamoja na Fletcher niliyemtaja.

Zilibaki sekunde 18 kabla ya mapumziko. Steelers 10, Arizona 7, na Arizona wamefika karibu kabisa na mstari wa goli. Harrison alitakiwa apenye kumfuata Warner. Alijifanya anakwenda, kisha akarudi nyuma hatua chache, kwa kuwa alitambua kwamba mpira ungerushwa haraka na asingewahi kufika. Mpira ukaja kifuani mwake kwenye mstari wa goli. Akaanza kukimbia, wenzake wakageuka wakawazuia watu mbele yake, naye akaenda mpaka upande wa pili, yadi 100, akaanguka ndani ya goli huku wamemshika, akabaki chini hana pumzi. Badala ya 14 kwa 10 kwa Arizona, ikawa 17 kwa 7 kwa Steelers. Mwisho wa mchezo ulikuwa 27 kwa 23.

Watu husifu mbio zile. Mimi naona zile hatua mbili tatu za kurudi nyuma. Kijana wa mwaka 2002 asingezipiga; angekwenda mbele kama alivyoagizwa, au angesimama.

Simpaki Harrison rangi nyeupe. Mwaka 2010 ligi ilimtoza faini kubwa kwa kugonga watu vichwani, na mwaka 2011 ilimsimamisha mchezo mmoja kwa kosa hilo hilo. Hasira ile ya ujana haikuisha yote. Wala msisome habari hii mkadhani kila asiyeitwa atafika. Kila mwaka mamia hualikwa kambini, na walio wengi hurudi nyumbani kabla msimu haujaanza, wakiwemo wenye bidii. Yeye aliendelea hadi umri wa miaka 39, akastaafu mwaka 2018.

Maswali ya kuzungumza kwenye vikundi, Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya: Harrison alikosa nafasi mara ngapi kwa sababu ya watu wengine, na mara ngapi kwa sababu yake mwenyewe? Kama Haggans asingeumia mkono, je, tungesema hakuwa na thamani? Na hapa kwetu, ni kazi gani ambayo ni kama ile timu maalumu, na ni nani anaifanya sasa hivi bila kutajwa jina?