KUFUFUA BLACK MAMBA: SOMO LA BAISKELI KUUKUU

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi na insha za methali. Mwaka huu nimeona heri nilete somo la mikono. Nitaeleza jinsi ya kufufua baiskeli kuukuu, ile tunayoiita Black Mamba. Wengi wetu ni wanafunzi wa kutwa, na katika boma nyingi iko moja inayoozea nyuma ya nyumba, ilhali mwenye miguu anachelewa gwaride kila Jumatatu.

Baiskeli ninayoizungumzia ilikuwa ya babu yangu, upande wa Bungoma. Aliibebea mahindi hadi soko la Chwele, kisha kwa miaka mingi akaibebea watu. Pikipiki zilipojaa barabarani akaiegemeza ukutani. Mwaka jana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake akitaka kuipima kwa kilo. Mama alikataa katakata. Akaipandisha juu ya matatu, ikapitia Webuye na Kamukuywa hadi kwetu Kitale. Mimi natembea kilomita saba kwenda shule na saba kurudi. Tukilipa pikipiki kila siku, karo haitapatikana. Kwa hivyo swali halikuwa la mchezo: itatembea au haitatembea?

ASILI YAKE

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi la upepo. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kikasambaza baiskeli za aina hiyo katika makoloni. Baadaye zikaja za India, kama Hero ya Ludhiana iliyoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956, na za Uchina pia. Umbo halikubadilika sana: fremu ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na karia imara. Ni baiskeli za jamii hiyo zilizowavusha watu mpakani Busia miaka ya 1960, kutoka boda hadi boda, na jina la boda boda likazaliwa.

Wenzangu huniuliza, "Mbona usingoje upate baiskeli ya mlima, ile ya gia?" Nawajibu kwamba hata hiyo ilizaliwa kwa kufufua baiskeli kuukuu. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 wakazitengeneza, wakashuka nazo milimani. Kuanzia 1976 walishindana katika njia iliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki ya ndani ya gurudumu: ilipata moto hadi grisi ikaungua, ikawabidi waijaze upya kila waliposhuka. Mwaka 1977 Joe Breeze ndipo alipoanza kuunda fremu mpya kwa kazi hiyo. Kumbe ukuukuu si mwisho wa safari!

VIFAA

Tafuta spana za baiskeli, nyundo, kipande cha mti, brashi ya waya, msasa, mafuta taa, grisi, matambara, uzi na rula ya shule. Kwa spea, mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma bado wanazo nyingi.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, fremu. Sugua kutu kwa brashi, kisha tazama kila mahali bomba mbili zinapoungana, hasa chini ya usukani na kwenye uma wa mbele. Kutu ya juu juu haina neno. Ufa ni habari nyingine. Uma wenye ufa usiupande hata siku moja. Kujua kama fremu imepinda, funga uzi upande mmoja wa nyuma, ekseli inapokaa, uupitishe mbele ya bomba la usukani, urudi nao upande wa pili. Sasa pima kwa rula umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka.

Pili, gololi. Hapa ndipo roho ya baiskeli ilipo, na ndipo watu hupita mbio. Fungua magurudumu, usukani na ekseli ya pedali. Weka kopo chini, maana gololi zikimwagika kwenye nyasi utazitafuta hadi magharibi. Hesabu unapotoa. Kwa kawaida gurudumu la mbele lina gololi 10 ndogo kila upande, la nyuma 9 kubwa kila upande, na ekseli ya pedali 11 kila upande. Zioshe kwa mafuta taa, zikaushe, uziviringishe juu ya kioo. Yenye kovu itaruka ruka. Ukiipata moja mbovu, badilisha zote za upande huo. Usichanganye mpya na kuukuu, kwa sababu ile mpya ni nene kidogo na itabeba mzigo wote peke yake.

Rudisha kwa grisi ya kutosha, kisha kaza koni taratibu. Gurudumu lisichezecheze pembeni, na wala lisikwame. Jaribio ni hili: inua baiskeli, weka valvu juu kidogo ya usawa wa ekseli, uachilie. Valvu ikishuka yenyewe kwa uzito wake hadi chini, umepatia.

Kumbuka pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume. Hufunguka ukizungusha upande ambao nati nyingine hukaza. Kikombe cha ekseli ya pedali upande wa kulia nacho aghalabu huwa hivyo hivyo. Ukitoa pini inayoshika mkono wa pedali, acha nati ikae kichwani mwake na utangulize kipande cha mti ndipo upige nyundo, la sivyo hesi itapondeka.

Tatu, cheni. Rula yako ya inchi 12 ni fundi tosha. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, uhesabu nusu-inchi 24. Cheni nzima itaishia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya nane ya inchi au zaidi, imelika. Itakula meno na kuruka ukipanda mlima.

Juu ya kupanda mlima, hapa fizikia inasaidia. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400. Baiskeli ya babu ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma. Gawanya 44 kwa 18 upate 2.44. Gurudumu la inchi 28 husafiri karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, hivyo pedali ikizunguka mara moja unaenda karibu mita 5.4. Niliweka friwili ya meno 22. Sasa 44 kwa 22 ni 2, na mzunguko mmoja ni mita 4.4. Mwendo umepungua, lakini nguvu ninayohitaji mlimani imepungua karibu sehemu moja ya tano. Ukibadilisha hivyo, huenda cheni ikahitaji pingili moja zaidi.

Nne, breki. Badilisha raba zote 4, unyooshe vyuma, na usugue ukingo wa gurudumu hadi ung'ae. Raba zote ziguse ukingo pamoja. Lakini sikilizeni vizuri: ukingo wa chuma ukilowa, breki hizi hushika kwa shida. Msimu wa mvua anza kufunga breki mapema, zikaushe ukingo kabla hujafika unapotaka kusimama. Ukishuka kuelekea daraja la Kamukuywa na lori liko nyuma yako, breki duni ni maisha yako.

Tano, spoki. Aghalabu ziko 32 mbele na 40 nyuma. Zipige kwa ukucha kama nyuzi za litungu. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayonguruma imelegea, kaza robo mzunguko tu kwa mara moja. Kisha tia tyubu na tairi, ujaze upepo.

Sita, na mwisho kabisa, rangi. Nilipomwuliza mzee mmoja fundi pale Kitale ninunue rangi gani, alicheka akasema, "Kijana, rangi haibebi mtu. Nunua gololi." Nilifuata shauri lake. Pesa zote ziliishia kwenye vinavyozunguka na vinavyosimamisha: gololi, cheni, friwili, raba za breki, matairi mawili. Hazikufika nusu ya bei ya baiskeli mpya. Fremu bado ina makovu ya kamba za magunia, nami nimeyaacha.

MWISHO

Tangu muhula wa kwanza naingia darasani kabla ya kengele, na dada yangu huketi kwenye karia. Magoti hayatetemeki tena jioni, na kazi ya ziada naifanya kungali mchana. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla mwenye mizani hajafika kwenu, zunguka nyuma ya nyumba uangalie. Ukikuta Black Mamba, anza na uzi na rula, maana hizo tayari unazo. Ukikwama kwenye koni, nitafute Ijumaa baada ya kikao cha Chama, uje na kopo lako.