Kompyuta Inayofundisha Kifaransa

Wengi wetu tumejifunza kwa kitabu na kwa redio. Vyote ni vyema. Lakini kitabu ukikiuliza hakijibu. Na redio ikishasema imesema, haimngoji aliyechelewa kuelewa. Leo tutasoma habari za walimu waliotaka kupunguza taabu hiyo.

Katika miaka ya 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwalimu wa Kifaransa Bibi Gilberte Furstenberg na wenzake walitengeneza programu. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Waliiita À la rencontre de Philippe. Ilitolewa mwaka 1993.

Philippe ni kijana mwandishi wa habari mjini Paris. Mchumba wake, Elisabeth, kamfukuza. Basi hana pa kukaa, naye anakuomba wewe mwanafunzi umsaidie kupata nyumba ya kupanga. Hapo kazi inakuwa yako. Unasoma matangazo ya nyumba, unasikiliza simu, unatazama ramani ya mji, unaingia vyumbani kukagua. Hadithi haina mwisho mmoja. Inakwenda kwa jinsi unavyochagua.

Picha zilipigwa Paris kwenyewe, watu wakisema upesi kama kawaida yao. Je, mgeni ataelewa? Anaweza kurudia mara nyingi apendavyo, na hakuna wa kumcheka. (Sisi tuliojifunza ukubwani tunajua uzito wa jambo hilo.) Akitaka, maneno yanaandikwa chini ya picha: yote, au yale muhimu tu.

Picha hizo zilitiwa katika santuri ya video, pana sentimita 30 hivi. Mkanda wa kaseti lazima uuzungushe mpaka ufike unapotaka. Santuri hiyo iliruka mara moja.

Kwa nini nyumba, si orodha ya maneno? Kwa sababu lugha inakwenda na desturi. Mfano: Mmarekani huita "ghorofa ya kwanza" ile ya chini kabisa. Mfaransa huanza kuhesabu ile ya juu yake. Mmarekani anaweza kujua maneno yote mawili kwa Kifaransa, na bado akagonga mlango usio wake.

Santuri hizo sasa hazitengenezwi tena. Siku hizi picha na sauti zinaingia katika simu ya mkononi, na masomo ya lugha humo ni mengi. Lakini tunaona mengi yao bado yanauliza tu: neno hili maana yake nini? Mtu wa kumtafutia nyumba hamna.