Somo la 31: Shule ya Hewani

Tazameni ramani ya dunia. Upande wa mashariki wa Afrika, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mtaona nchi ya Australia. Katikati ya nchi hiyo mvua ni haba na majani ni machache. Kwa hiyo ng'ombe huhitaji malisho mapana sana, na wafugaji hukaa mbalimbali. Toka nyumba moja hata nyumba ya jirani huweza kuwa kilometa 100 au kupita.

Watoto wa huko wasomeje? Zamani walisoma kwa barua. Mwalimu aliandika masomo juu ya karatasi, na posta iliwapelekea. Mtoto alifanya kazi nyumbani, mama yake akimsimamia. Kiisha karatasi zilirudi kwa mwalimu, azisahihishe. Siku nyingi zilipita kabla mtoto hajajua kama hesabu yake ni sawa au ina kosa. Tena hakuwa na mwenzi wa kusoma naye, wala sauti ya mwalimu wake hakuijua.

Kabla ya mwaka 1930, fundi mmoja, jina lake Alfred Traeger, alitengeneza redio ya kupelekea habari. Mtu aliikanyaga kwa miguu kama baisikeli, nayo ikapata umeme. Kwa redio hiyo watu wa mbali waliweza kumwita mganga, naye akaja kwa ndege kumtibu mgonjwa.

Basi, bibi mmoja, Adelaide Miethke, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliwaona watoto wa nchi ile. Walikuwa na haya nyingi, kwa sababu hawakuzoea kusema na wenzao. Akafikiri: redio inayomwita mganga yaweza kumwita mwalimu pia. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, Shule ya Hewani ikafunguliwa.

Mwanzoni mwalimu alisema, watoto wakasikiliza tu. Baadaye wakapewa nafasi ya kuuliza na kujibu. Kwa redio ile, watu wawili hawawezi kusema pamoja: anayesema hasikii, anayesikia hasemi. Kila mtoto alingoja mpaka aitwe. Radi zilipopiga, redio ilivuma, na maneno yakapotea. Hapo ilimpasa mtoto kutega sikio vizuri, na kusema polepole tena wazi.

Somo la redio lilikuwa fupi. Saa nyingine zote mtoto alikaa na karatasi zake, peke yake au pamoja na ndugu zake. Hakuna kengele iliyomwita, wala mwalimu aliyesimama nyuma yake. Mtoto mvivu aliweza kuudanganya muda, lakini karatasi yake tupu ilimshitaki. Mtoto mwenye bidii alijifunza kujiongoza mwenyewe. Naye aliposikia mwenzake wa mbali akijibu vema, alifurahi na kujitahidi, ingawa uso wake hakuujua.

Siku hizi redio zile hazitumiki tena katika masomo hayo. Watoto husoma kwa intaneti ya satelaiti, nao huuona uso wa mwalimu. Mara chache kwa mwaka husafiri mpaka mjini, wacheze na kusoma pamoja. Lakini jambo moja halikubadilika: mwalimu aweza kuifikisha sauti yake mbali sana, bali kazi ya kujifunza ni ya mtoto mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo

1. Kwa nini wafugaji wa Australia hukaa mbalimbali?
2. Kusoma kwa barua tu kulikuwa na shida gani?
3. Bibi Miethke aliona nini kwa watoto, na alifikiri nini?
4. Kwa nini kila mtoto alingoja aitwe kabla ya kusema?
5. Mwalimu wako akikosa kufika leo, utafanya kazi gani peke yako?