Upweke, Ukiwa na Busa Gonofa

Upweke na ukiwa si kitu kimoja. Mchungaji wa hapa Kulamawe hushinda peke yake malishoni, lakini jioni hurudi kwa watu. Mkiwa ni yule aliyepotewa, hana wa kumwendea.

Shida humfanya mtu mkiwa upesi, kwa maana humtia haya akajificha. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na wafugaji wengi wa Isiolo wakaishiwa na mifugo. Wazee wa Kiborana waliijua hatari hii tangu zamani, ndipo wakaweka busa gonofa. Aliyefilisika kwa ukame, maradhi au uvamizi huja mbele ya ukoo na kueleza kisa chake. Wakishamsikiliza, wenziwe humtolea mifugo aanze upya. Hiyo si sadaka jamani, ni haki yake. Anayetoa leo, kesho huenda akaomba yeye.

Funzo ni hili: kwanza mtu husikilizwa, ng'ombe baadaye. Sisi wanafunzi hatuna mifugo ya kugawa. Lakini mwenzetu akianza kujitenga na kukosa masomo, tusingoje aombe. Tumwendee.