Nani Amekuruhusu Kuona Hili?

Shule zinapokea ada mtandaoni, SACCOS zinakopesha kupitia simu, zahanati zinatunza majibu ya vipimo kwenye mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari. Wasomaji wametuuliza watajuaje kama mifumo hiyo ni salama. Maswali yao tumeyapeleka kwa mtaalamu ambaye kazi yake ni kupima usalama wa programu za wavuti.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS. Fundi aliyetutengenezea mfumo anasema uko salama kwa sababu kivinjari kinaonyesha alama ya kufuli. Nimwamini?

Kufuli ile ina kazi moja tu. Inakuhakikishia kwamba data inayosafiri kati ya simu yako na seva imefichwa, asiyehusika asiweze kuisoma njiani. Haisemi lolote kuhusu yanayotokea data ikishafika. Mwizi naye hupita njia hiyo hiyo iliyofichwa, na ombi lake hufika salama kama lako.

Mwulize fundi wako swali jingine: mwanachama akishaingia kwa neno lake la siri, ni kitu gani kinachomzuia kuona akiba ya mwenzake? Akikujibu kwamba hawezi kwa sababu menyu hiyo haimtokei, basi mna tatizo.

Kwani asiyeona menyu ataingilia wapi?

Menyu na vitufe ni vitu ambavyo seva imevituma kwenye kivinjari, na kivinjari kiko mikononi mwa mtumiaji. Anaweza kuandika anwani ya ukurasa mwenyewe. Anaweza pia kutumia proksi, yaani programu inayokaa kati ya kivinjari na seva, inashika kila ombi kabla halijaondoka na kumwacha alibadili apendavyo. Burp Suite na ZAP ni za aina hiyo. Ni zana halali, sisi wapimaji tunashinda nazo kutwa, na ZAP hailipiwi hata senti. Programu ya simu nayo ni hivyo hivyo, maombi yake yanashikika.

Ulinzi uliowekwa kwenye skrini peke yake, kwa hiyo, hauzuii kitu. Seva yenyewe ndiyo inayopaswa kuuliza, kwa kila ombi bila kuchoka: wewe ni nani, na nani amekuruhusu kuona hili?

Mfano mzito ninaoujua ni wa First American, kampuni kubwa ya Marekani inayoshughulika na bima ya umiliki wa nyumba na ardhi. Wateja wake walitumiwa viungo vya kufungulia hati zao, na kila kiungo kilibeba namba. Mtu mmoja wa biashara ya majengo, katika jimbo la Washington, akagundua kwamba akibadili tarakimu moja tu, inafunguka hati ya mtu mwingine kabisa. Hakuulizwa neno la siri. Mwandishi Brian Krebs alipoitoa habari hiyo Mei 2019, hati zilizokuwa wazi zilikadiriwa kufikia milioni 885, nyingine za tangu 2003: namba za akaunti za benki, kumbukumbu za kodi, picha za leseni za udereva. Hapakuwa na kirusi wala ujuzi wa ajabu.

Kasoro kama hiyo mnaipimaje?

Kwa akaunti mbili. Hilo ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote katika kazi hii, na linasikitisha kwa jinsi lisivyofanywa.

Ninafungua akaunti mbili za majaribio, tuseme ya Asha na ya Juma, zote zangu. Ninaingia kama Asha, ninafanya kila jambo ambalo mwanachama anaruhusiwa kufanya: kuangalia salio, kupakua taarifa ya mwezi, kubadili namba ya simu, kuomba mkopo. Proksi inanihifadhia maombi yote. Kisha ninayatuma maombi yale yale ya Asha, moja baada ya jingine, nikiwa na utambulisho wa Juma. Kila mahali seva inapojibu kwa taarifa za Asha badala ya kukataa, ninaandika. Ninarudia tena bila utambulisho wowote, kama mtu asiyewahi kujisajili. Halafu ninapanda ngazi: maombi ya meneja yakitumwa na karani, yanapita? Karani anaweza kuidhinisha mkopo alioujaza mwenyewe?

Mara nyingi ukurasa wa kutazama umelindwa vizuri, ila ule wa kupakua PDF umesahaulika. Au kusoma kumezuiwa, kubadili hakukuzuiwa. Fundi aliandika ulinzi kwenye kurasa alizozikumbuka. Ndiyo maana hatuchagui kurasa chache za mfano, tunapita zote.

Wengine huniambia watatumia namba ndefu za kubahatisha badala ya 1, 2, 3, ili mtu asiweze kuzikisia. Fanyeni hivyo, inasaidia. Lakini viungo husambazwa WhatsApp, hubaki kwenye kumbukumbu za kivinjari cha kompyuta ya ofisi. Namba ngumu kukisia haiondoi haja ya seva kuuliza.

Kuna programu zinazokagua mfumo mzima zenyewe usiku kucha. Hizo hazitoshi?

Zinafaa kwa kasoro zenye alama inayojulikana: toleo la zamani la programu, mpangilio uliosahaulika, fomu inayopitisha amri ngeni. Ninazitumia na sitaki kuziacha. Lakini programu haijui kwamba salio la Asha si la Juma kuliona. Yenyewe inaona ukurasa umefunguka bila hitilafu, inaridhika. Haijui pia kwamba katika duka la mtandaoni mtu hanunui magunia hasi mawili ya mchele. Ukiweka hasi mbili pale pa idadi na mfumo ukapunguza jumla ya malipo, hiyo ni hasara ya fedha halisi, na kwa programu hiyo ya ukaguzi kila kitu ni shwari. Jambo hilo linamhitaji mtu aliyeketi akaielewa biashara yako.

OWASP, jumuiya iliyoanzishwa 2001 ambayo orodha yake ya hatari kumi kuu ndiyo tunayoirejea sana, iliweka udhaifu wa ruhusa nafasi ya kwanza mwaka 2021. Mwaka 2017 ulikuwa wa tano. Sishangai.

Jina la familia yetu ni Ng'ang'a. Fomu ya shule ya mtoto ilipolipokea ilitoa maandishi marefu ya Kiingereza yenye neno SQL. Ni mtandao mbovu tu?

Mzazi, jina lenu limefanya kazi ya mpimaji. Fomu hiyo huenda ina udhaifu mkongwe na wa hatari sana.

Mfumo unapotafuta jina kwenye hifadhidata, huandika amri kwa lugha ya SQL, na katika amri hiyo maneno ya mtumiaji hufungwa ndani ya ritifaa, kialama kile kile kilicho katikati ya Ng'ang'a. Fundi akiunganisha maneno ya mtumiaji na amri bila uangalifu, hifadhidata ikifika kwenye ritifaa ya kwanza inadhani jina limekwisha. Yanayofuata inayasoma kama sehemu ya amri. Ikikutana na "ang" haielewi, inatoa hitilafu. Mtu mwenye nia mbaya hataandika "ang". Ataandika amri kamili, inayosema tupe orodha yote ya wanafunzi, au tuingize bila neno la siri.

Haya yameandikwa hadharani tangu 1998, na bado yanaumiza watu. Oktoba 2015 kampuni ya simu TalkTalk ya Uingereza ilivamiwa kwa njia hii hii. Wateja 156,959 walichukuliwa taarifa zao, na zaidi ya 15,000 kati yao walichukuliwa na namba za akaunti za benki. Kurasa zilizopenyezwa zilikuwa urithi kutoka biashara ya Tiscali ambayo TalkTalk iliinunua 2009. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliitoza faini ya pauni 400,000 mwaka 2016, na ikabainisha kwamba kabla ya uvamizi huo wa Oktoba yalikwishatokea mashambulizi mawili ya namna hiyo hiyo mwaka 2015 bila kampuni kuyagundua.

Mafundi wengine huponya ugonjwa huu kwa kukataza ritifaa kwenye fomu. Nisingependa kuona hivyo. Mtoto ataandikishwa kwa jina lisilo lake, na mlango mwingine utabaki wazi. Dawa ni kuituma amri kwanza ikiwa kamili, na jina likafuata peke yake kama data, ili hifadhidata isiweze kamwe kulisoma kama amri. Lugha zote zinazotumika kutengenezea tovuti leo zina njia hiyo tayari. Iarifuni shule, na msiendelee kujaribu alama nyingine kwenye fomu.

eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipokwama Julai 2023, taarifa za wananchi ziliibwa?

Lile lilikuwa shambulio la kuizidi seva kwa maombi mengi mpaka ishindwe kuhudumia watu, na serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Ni tatizo la aina nyingine, na kinga yake ni nyingine.

Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS inatosha kumlinda mteja?

Hutegemea seva inafanya nini mtu akikosea. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Seva isipoweka kikomo cha majaribio, kompyuta ya kawaida itazimaliza zote ndani ya muda mfupi. Jaribuni wenyewe kwenye mfumo wenu: kosea mara kumi makusudi, kisha weka namba sahihi. Ikikubali kana kwamba hakuna kilichotokea, mwiteni fundi.

Mimi ni mwanafunzi. Nimeona kwamba mfumo wa matokeo wa chuo chetu una kasoro. Niendelee kuchimba ili nipate ushahidi?

Hapana, kijana wangu, simama hapo hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zinafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa jinai, na nia njema haikufanyi uwe na idhini. Andika ulichokiona kwa bahati, umpe anayesimamia mfumo, usipakue matokeo ya mtu yeyote.

Hata wenye mkataba hupata taabu. Septemba 2019 wapimaji wawili walikamatwa usiku ndani ya mahakama ya Dallas County, jimbo la Iowa, Marekani. Idara ya mahakama ya jimbo ndiyo iliyowaajiri wajaribu kuingia. Jengo lilikuwa la kaunti, na mkuu wa polisi wa kaunti hakuitambua idhini hiyo. Mashtaka yalifutwa Januari 2020. Kwa hiyo barua ya idhini isainiwe na mwenye mfumo, na kama seva imekodishwa, masharti ya mwenye seva yasomwe kwanza.

Kama unataka kujifunza, weka Juice Shop au WebGoat kwenye kompyuta yako. Ni tovuti zilizotengenezwa zikiwa na kasoro makusudi, bure, na humo unaweza kuvunja chochote.

Tulipimwa mwaka jana tukapewa ripoti ya kurasa themanini. Tufanye nini nayo?

Kama haijasababisha lolote kurekebishwa, hamjapimwa.

Nitawaambia sehemu ya pili ya habari ya First American, inayoniuma zaidi. Watu wa usalama wa kampuni hiyo walikuwa wameigundua kasoro ile katika kipimo chao wenyewe, na kufikia Januari 2019 waliijua. Iliorodheshwa kwa uzito mdogo kuliko uliostahili, haikurekebishwa, na wakuu wa kampuni hawakuambiwa mpaka mwandishi wa habari alipopiga hodi. Ripoti ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye jina na tarehe ya kumaliza.

Fungueni ripoti yenu leo, kila kasoro ipewe mwenyewe. Anzeni na zile zinazofichua taarifa za watu kwa mtu asiyeingia kabisa. Fundi akisema amemaliza, mpimaji arudie jaribio lile lile. Marekebisho mengine huziba ukurasa mmoja na kuacha wa jirani yake.

Hatuna fedha za kumlipa mpimaji. Tuanzie wapi?

Chukueni karatasi. Kushoto andikeni kila aina ya mtumiaji: mwanachama, karani, meneja, fundi, mtu asiyesajiliwa. Juu andikeni kila kitendo cha mfumo, kuanzia kuona salio hadi kufuta akaunti. Jazeni ndiyo au hapana katika kila kisanduku, viongozi na fundi mkiwa mezani pamoja. Kisha fungueni akaunti za majaribio, mjaribu kila palipoandikwa hapana. Mtakuta pia visanduku ambavyo hakuna aliye na jibu, mtabishana kuhusu nani hasa anaruhusiwa. Hivyo vizungushieni wino mwekundu, kwa sababu fundi naye hakuwa na jibu siku alipouandika mfumo.