Dondoo muhimu: Kuwahi tarehe ya mwisho ya ufadhili wa masomo, ukiwa Kindu

Anza na saa. Kindu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja: fomu inayofungwa saa sita usiku kwa saa za Kinshasa, kwetu hufungwa saa saba. Brussels nayo iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya baridi, na majira ya joto tunalingana. Lakini saa hiyo ya ziada usiitegemee. Umeme wetu na mtandao tunavijua. Tuma siku tatu kabla.

Kinachokula muda hasa ni karatasi. Diploma ya Serikali huchelewa kutoka, basi mwone prefe wa shule mapema, umuulize hati gani ya muda inaweza kupatikana. Majina yako yote matatu yaandikwe vilevile kila mahali.

Soma masharti kabla ya kulipia nakala hata moja. Ufadhili wa ARES ya Ubelgiji, kwa mfano, hulenga wenye shahada tayari, si mhitimu wa sekondari.

Ukishatuma, hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Na anayedai pesa ili "kusukuma faili", usimpe.