Nguo za kazi na nguo za mtoto zisifulwe pamoja



Siku moja mama mmoja alifika kwetu kwenye dispanseri. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele, imepasuka, na ilimwasha usiku kucha. Tukamwuliza: «Mama, unafanya kazi gani?» Akajibu: «Kazi yangu ni nyumba na watoto tu.» Bwana yake ndiye anayefanya kazi kwenye mashini za kusaga mawe ya shaba na kobalti. Tukauliza tena: «Nguo zake nani anafula?» Akacheka: «Ni nani mwingine? Ninazikung'uta kwanza ukutani, mtoto yuko mgongoni, halafu ninazifula kwa mikono.»

Hapo tukaanza kuelewa. Kobalti inaweza kuwasha ngozi ya watu wengine. Ikivutwa kwa pumzi inaweza kuleta pumu. Vumbi la mawe yenye silika, mtu akilivuta miaka mingi, linaharibu mapafu: ndio ugonjwa wa silikozi. Kwa sababu hiyo kazini tunavaa maski. Lakini nyumbani, mama na mtoto hawana maski.

Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, waliandika juu ya watu waliopata kansa iletwayo na vumbi la amianti. Kati yao walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi ya amianti hata siku moja: walifula tu nguo za bwana zao. Vumbi letu si lile, wala ugonjwa si ule, lakini njia ni moja: vumbi linakamata nguo, nguo inaingia nyumbani.

Basi, tufanye hivi:

1. Kuanzia kazini. Kama kuna mahali pa kuoga, kubadili na kufulia nguo, tumia hapo. Kama hakuna, vua nguo za kazi na bilato kabla ya kuingia ndani, tia nguo katika mfuko na kuufunga, oga, ndipo umbebe mtoto.

2. Usikung'ute nguo. Usizipige ukutani wala kuzipuliza. Watoto wakae mbali. Nyunyiza maji kidogo, halafu angalia mifuko yote pole pole: misumari, buloni, kiberiti, pesa, kadi ya kazi. Buloni moja inaweza kuharibu mashini ya kufulia.

3. Tenga mafungu manne. Fungu la kwanza ni nguo za kazi, peke yake. La pili ni nguo za watoto na nepi. La tatu ni nguo nyeupe na mashuka. La nne ni nguo za rangi; kitambaa kipya kinachotoa rangi kifulwe peke yake mara ya kwanza. Hata kama nguo za kazi hazijazi mashini, usiongeze shati la mtoto juu yake ili kuokoa sabuni.

4. Angalia mafuta na asidi. Doa la grisi lipakwe sabuni na kusuguliwa kabla ya kufula. Nguo iliyolowa esansi isiingie katika mashini: cheche moja ya umeme inaweza kuwasha moto. Itundike nje, mbali na jiko, mpaka harufu iishe kabisa. Nguo iliyorukiwa na asidi isuuzwe kwanza kwa maji mengi, na anayesuuza avae mipira ya mikono. Usitie Javel juu yake! Javel na asidi zikikutana zinatoa hewa ya klori, ambayo inachoma macho na mapafu.

5. Usijaze mashini kupita kiasi. Mkono wako upate nafasi juu ya nguo, maji yaweze kupita. Nguo za kazi zikitoka, zungusha mashini mara moja na maji tu, bila nguo, kabla ya kutia fungu lingine.

6. Anayefula kwa mikono afuate mpango huo huo. Beseni la nguo za kazi liwe la nguo za kazi tu, litie alama. Usimwogeshee mtoto ndani yake, wala usioshee sombe. Maji machafu usiyamwage kwenye lengalenga wala mahali watoto wanapochezea.

Na kama mtu wa nyumba yako ana vipele visivyopona au kikohozi kisichokwisha, njoo naye dispanseri. Utuambie pia mwenye nyumba anafanya kazi ya namna gani na nani anafula nguo zake. Bila kujua hayo, tunaweza kutibu mikono leo, na kesho ugonjwa ukarudi.

Mama yule tulimpa dawa ya kupaka. Bwana yake akanunua beseni la pili na mipira ya mikono. Mikono ikapona pole pole. Na siku ya posho, asiye na zamu akipita kwao atamkuta bwana mwenyewe nyuma ya nyumba, anafula nguo zake. Majirani walimcheka mwanzoni. Sasa wawili kati yao wanafanya vile vile.

Mshahara uingie nyumbani. Vumbi libaki kazini.